Salfa Juu ya Rangi Mbichi

Somoe mama,

Salamu tumeshapeana asubuhi, tena za mkato, kwa hiyo hapa sizirudii. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, alasiri imeshapita, na gari lako naliona pale uani limefunikwa shuka ya mama yako ile ya maua. Mambo ya matairi, maji, oili na breki ameshakuhubiria yeye mpaka umeziba masikio, mimi nayaruka. Huko Tunduru nyumba ya kupanga utaitafuta mwenyewe na majirani utawajua mwenyewe. Mwalimu mzima hafundishwi kununua chumvi.

Mimi nataka tuzungumze juu ya rangi.

Ningekwambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ukifunguka tu linatoka swali, na tangu yale yaliyotokea, kila nikikukaribia unakumbuka una nguo za kuanua. Basi nimeona niandike. Karatasi hii nitaiweka juu ya begi lako, na nakuomba uisome kabla hujalala, maana iko sehemu inayohusu safari yako ya kesho.

Unajua kazi niliyofanya ghalani kabla magoti hayajagoma. Ufuta nilikuwa nauchoma kwa bambo, kile chuma chenye mfereji: unadunga gunia ubavuni, mbegu za ndani kabisa zinateremka kiganjani, na mwenye gunia amesimama hapo anakuapia. Korosho nilikuwa naichana kwa kisu nione kokwa. Kuna mzee mmoja wa swafu ya mbele msikitini, mtu ambaye hata salamu yake ilikuwa na dua ndani, nilidunga gunia lake nikatoa mchanga. Mchanga wa bahari, Somoe, mweupe, umechambuliwa vizuri usitofautiane na ufuta. Hakuona haya hata kidogo. Aliniuliza kwa nini nimedunga upande ule.

Tangu siku ile nikawa nawadunga watu wote. Kazini ilikuwa sawa, nililipwa kwa hilo. Kosa langu ni kwamba jioni nilirudi na bambo nyumbani. Ulipokuwa darasa la tatu ukaniambia kichwa kinauma, siku ya chuo cha Kurani, mimi nikasema huyu anamkimbia ustadhi. Nikakupeleka nimekushika mkono, tena nikasimama nje kuhakikisha umekaa. Ustadhi ndiye aliyekurudisha amekubeba, unatetemeka kwa malaria. Wewe huenda umesahau. Mimi nikilikumbuka hilo hata sasa hivi najichukia.

Lakini ngoja nikueleze kwa nini sikupona, ni kwa sababu mara nyingi nilikuwa sahihi, na mtu anayepatia mara nyingi haponi upesi. Siku tulipokwenda kuliona gari, kule nyuma ya maduka ya Chikongola, lilikuwa linang'aa kama sahani ya harusi. Wewe ukalizunguka unatabasamu. Mimi kung'aa ndiko kulikonishtua. Nikatoa mfukoni ile sumaku ya spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kwenye leso isikwaruze, nikaanza kuitembeza. Boneti ikashika. Milango ya nyuma ikashika. Chini ya mlango wa dereva ikaanguka mchangani.

"Mzee, unanunua gari au unalipima malaria?" yule bwana akaniuliza.

Wewe ukageuka ukajifanya unatazama vitenge. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, mlio ukawa wa ubao: puti tupu, ule udongo wa kuzibia bati, na chini ya puti kutu, maana gari la pwani lisilo na kutu ni la kwenye picha. Yule bwana akaapa kwamba hajui, nikamwambia mimi ndiyo najua, na akashusha bei hapo hapo. Ukanishukuru njiani. Ungejua ulichokuwa unakilisha, mwanangu, usingenishukuru. Nilirudi Likombe nimevimba kichwa.

Mafundi wa gereji walipotutajia bei ya kupaka upya, nikawaambia ahsanteni, nikaenda kununua misasa. Nilishuku hata rangi. Rangi yenyewe ya magari inakauka upesi lakini ni ghali, nikasema hawa wanauza jina, nikachukua rangi ya mafuta. Ulitaka nyekundu. Nikakuambia gari jekundu kila askari analikumbuka, na ukacheka, nikanunua rangi ya maziwa. Sasa hiyo rangi ya mafuta, tena kwa hewa yetu hii ya chumvi, jioni ukiipaka asubuhi bado inakamata kidole. Hilo nalijua leo.

Ila kukwangua tulikwangua vizuri, hilo hakuna wa kutunyang'anya. Tulishuka mpaka kwenye bati lenyewe, kutu yote ikatoka, tukaosha kwa sabuni, tukakausha, tukaziba upya. Wewe ulifanya milango ya kushoto mpaka kucha zikaisha. Nilikuwa nakutazama nikafurahi, na sikukwambia.

Ndipo akaja Momadi.

Ulinitambulisha kwamba ni kijana wa kibanda cha pancha pale Chikongola, kwamba mlijuana tangu ulipokuwa unapeleka baiskeli kujaza upepo, na kwamba atatuazima kompresa na bunduki ya kupulizia rangi. Tena atakuja kupuliza mwenyewe. Bure. Hilo neno bure likaniingia sikioni likakataa kutoka. Nikasema moyoni, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Kwenu hasa ni wapi?" nikamuuliza, hata kompresa hajaishusha.

"Mahurunga, baba."

"Hasa hasa?"

"Babu alivuka Ruvuma wakati wa vita ya kule. Baba yangu kazaliwa huku huku."

"Kitambulisho unacho?"

Ulitupa msasa kwenye ndoo maji yakaruka. Yeye alicheka tu, akanipa. Nilikisoma mbele, nikakisoma nyuma, nikakiinua juani, nikamrudishia. Mama yako alikuwa dirishani anaona yote.

Somoe, kijana yule alifanya kazi. Aliniambia, "Baba, tupulize nyepesi nyepesi, ukiishindilia itatiririka," nami nikaona anabana rangi ili abaki na ya kuondoka nayo. Nikaweka alama ya kalamu kwenye kopo. Nilimpa hela akanunua tina ya kuyeyushia rangi, nikaifungua nikainusa kama daktari. Akimwagia uani maji vumbi litulie, mimi nahesabu ndoo za kisima changu. Na kila mlipocheka pamoja nyuma ya gari nilipata kiu ghafla nikapita hapo kufuata maji. Mnajua kwamba nilikuwa sinywi.

Washenga wake walipotuma neno kwamba Ijumaa watakuja na posa, nilimwambia mama yako kijana huyu simwelewi. Akanijibu huku anachambua mchele, "Mchawi mpe mwanao akulelee. Na huyu hata mchawi si, ni fundi pancha." Nikakubali waje. Nilikubali kwa mdomo.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa kuna jambo ambalo hulijui.

Jioni ile ya mkono wa mwisho wa rangi wewe ulikuwa jikoni. Upepo ulikuwa umelala, uani pameloa vizuri, kila kitu tayari. Momadi akashika bunduki, halafu akaishusha. Akaniambia, "Baba, leo tusipake. Tuache mpaka keshokutwa." Nikamuuliza sababu. Akasema, "Nimemwona Selemani, yule mpuliza dawa ya mikorosho, anasafisha mashine yake ya salfa. Alfajiri lazima atapuliza mahali."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, ahaa, huyu anataka siku nyingine mbili za kushinda uani kwangu na binti yangu. Sikufikiri hata kidogo juu ya salfa. Nikamwambia kama anaogopa kazi aniachie bunduki nipulize mwenyewe. Akanitazama, akapuliza. Alipiga nyepesi nyepesi, safi, likapendeza. Tukalifunika chandarua akaenda zake.

Asubuhi nilitoka msikitini nikapitia kwa jirani, tukazungumza hata jua likapanda. Narudi, nafunua chandarua, napitisha kiganja juu ya paa: msasa. Boneti: msasa. Rangi yote imeota vipele. Mwenyewe ulisimama umeshika mdomo. Msimu huu harufu ya salfa ndiyo hewa yetu Mtwara nzima, pua haiisikii tena, na unga wa manjano juu ya rangi ya maziwa hauonekani. Mimi sikutafuta. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ya kitambulisho.

Momadi alipofika kuchukua kompresa, watu wakiwepo, Selemani mwenyewe akiwepo, mama Rukia wa jirani akiwepo, nikamwambia ametia mafuta ya taa kwenye tina ili ale tofauti ya bei. Nikamwambia vitu vya bure navijua. Nikamwambia watu wa ng'ambo ndivyo walivyo. Hilo la mwisho lilinitoka, na nililisikia likitoka, na sikulirudisha.

Alikunja mpira wa kompresa taratibu, akakuaga wewe, akamuaga mama yako, akaniaga na mimi, "Baba, nakwenda." Afadhali angenitukana. Ijumaa mama yako alipika pilau, jamvi likatandikwa, tukaketi. Hakuja mtu. Kesho yake ukahamia kwa mama yako mdogo Mikindani, ukasema unakwenda kushona nguo za kazini.

Ulipokuwa huko nikaanza kulikwangua upya peke yangu. Nilipoloanisha paa na kupitisha msasa, maji yakashuka ya manjano. Nikafuta, nikakwangua tena, manjano. Boneti vilevile. Lakini ubavu wa kushoto, ulioelekea ukuta wa nyumba, ulikuwa laini kama ulivyopulizwa. Tina mbaya, mwanangu, haichagui ubavu. Nikainua macho nikaona upande wa kulia kuna nini: mikorosho yetu wenyewe, ile ya mpakani, majani yake yote yana vumbi.

Nikamwita Selemani. Akasimama mlangoni ananishangaa.

"Nzee, si ulinambia mwenyewe? Ulinkuta pale sokoni ukasema niwahi kabla umande haujakauka. Na hela ulinpa."

"Sasa hukuona gari?"

"Niliona chandarua. Nikajua ntu kalala nje, joto."

Ni kweli. Nilimwambia mwenyewe, nikasahau. Upepo ukilala ndipo mpakaji rangi anafurahi, na ndipo mpuliza salfa anafurahi, wote wanaitaka saa ile ile moja, na mtu aliyezaliwa kwenye mikorosho kama mimi alipaswa kulijua hilo kabla hajaota meno. Momadi alilijua. Alinionya nikamwona mjanja. Mama yako aliposikia aliniambia neno moja, "Kikulacho," akaingia ndani, hata hakulimalizia.

Nililipaka tena kwa kompresa ya kukodi. Chini ya kioo cha kulia utaona matone yametiririka yakagandia hapo. Huo ni mkono wangu, nilishindilia.

Utauliza kwa nini nimekaa na habari hii muda wote huu. Nilikuwa naona haya, hilo ni la kwanza. La pili, mila. Baba wa binti hafungi safari kwenda kwa watu wa kijana, wataambiana anamtembeza binti, na aibu hiyo itakuangukia wewe, si mimi. Ningetuma mtu, lakini nimtume nani? Kila niliyemfikiria nilimshuku kwamba atayapindisha maneno yangu. Unacheka? Hata mama yako alicheka, ndiyo mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Mtoto anaondoka Jumatatu na hatarudi hapa kwa moyo. Atarudi kwa misiba tu."

Maneno hayo yalinitoa usingizi, Somoe. Hilo ndilo ninaloliogopa. Mengine yote niliyoyashuku maishani yalikuwa mchezo.

Kwa hiyo leo, ulipofikiri nimekwenda kutazama shamba, nilikwenda Mahurunga. Nilimkuta mjomba wake Momadi barazani pamoja na wazee wengine na akina mama wanamenya mihogo. Nilimwomba awaache wote pale pale, kwa kuwa na mimi nilisema mbele za watu. Yule mzee hakunikaribisha hata maji kwanza.

"Wewe nzee," akasema, "kwenu hasa wapi?"

"Likombe."

"Hasa hasa?"

Nikajua wameshahadithiwa. Nikamwambia ukweli ambao hata nyinyi nyumbani siwaambii sana, kwamba bibi yangu mzaa mama alivuka mto ule ule, na amezikwa upande huu bila ndugu wa kumlilia. Akina mama wakaacha visu. Halafu nikasema la salfa, la tina, la watu wa ng'ambo, moja moja, kwa sauti. Nilisema kijana wao alinionya na mimi ndiye niliyemwita Selemani.

Mzee akasema, "Chema chajiuza. Mbona wewe unantembeza binti yako mpaka huku?"

Iliniuma, lakini ilikuwa haki yake. Nikamwambia, "Binti yangu hajui kama nimekuja. Sikuja kuomba posa irudi. Nimekuja kurudisha neno langu, basi."

Momadi alikuwa amesimama mlangoni, ana mikono ya grisi, anasikia yote. Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilitaka kumuuliza kama bado anakutaka. Swali lilifika kwenye ulimi kabisa. Yeye akaniwahi.

"Baba, nimekusamehe. Ila lililobaki si lako. Nitamuuliza Somoe mwenyewe."

Akaniambia kesho asubuhi atakuwa Mpapura kwa shangazi yake, pale barabarani kwenye duka lenye mabati mapya. Shangazi atakuwepo, chai itakuwepo. Ukisimama, atakuuliza atakachokuuliza. Ukipita, ataelewa, na hatakupigia simu.

Ndiyo hayo, mama. Gari lishuku. Ligonge, lipapase, lidunge, halinuni, hata ukilikuta zima litakubeba kesho yake kama kawaida. Watu nao wadunge kidogo, siwezi kukwambia vingine, nitakuwa mwongo. Hata shangazi yake huyo simjui, na ningependa kujua duka lile mabati mapya yametoka wapi. Lakini mtu akikuonya kwa faida yako, kabla hujajiuliza anataka nini, mwulize ameona nini. Mimi sikuuliza.

Sitakwambia usimame wala upite. Sijui ninachokitaka mimi, na nikikijua nitakitia kwenye maneno bila kukusudia. Najua pia tabia yangu: kesho ukitoka hapa nitasema nakwenda kutia mafuta, na utaniona nyuma yako kabla hujafika Mikindani.

Kwa hiyo ufunguo wa pikipiki nimempa mama yako auweke asikojua mtu. Nimemwambia asinipe hata nikimwapia Mungu, mpaka umpigie kwamba Mpapura umeshaiacha nyuma. Mpigie yeye. Mimi usiniambie kama ulisimama, nisipokuuliza.

Na sitauliza.

Baba yako